Dolibarr kwa manunuzi: bosi ameruhusu, au bado?

Jambo ndugu zangu, baba na mama mnaonifuata hapa Lubumbashi, na ninyi wa Likasi na Kolwezi. Leo tunachambua sehemu ya manunuzi ya Dolibarr, programu ya kompyuta ya kuendeshea biashara. Bei sitaikalia: unaipakua bure, unalipia seva na fundi wa kukufungia, basi. Mimi nataka tuangalie majina iliyozipa hatua zake, maana pesa za depo hupotelea hapo.

Tazameni skrini. Hii ni komande, yaani agizo, ya saruji, mifuko 200, kwa msambazaji wa ng'ambo ya mpaka wa Kasumbalesa. Ni rasimu, ndiyo maana namba inaanza na PROV. Nabonyeza «Valider». Mmeona? Namba sasa inaanza na CF, na hali imekuwa «Validée». Mtu wa depo pale komini ya Kenya, hapa Lubumbashi, akisikia komande ni «validée», anashika simu anaita mzigo. Kumbe bosi bado hajasema ndiyo! Hapa maana yake ni kwamba maandishi yamefungwa na kupewa namba. Ruhusa ni hatua inayofuata, «Approuvée», na hata hapo msambazaji bado hajatumiwa kitu; kuna kitufe kingine cha kuonyesha kwamba komande imekwenda.

Utaratibu wenyewe naupenda sana. Anayeandika komande anaweza kuwa mtu mwingine kabisa na anayeiruhusu, na hiyo ni kinga kubwa kwa mwenye mali. Shida ni majina tu, na majina yanabadilishwa. Ingia kama msimamizi, nenda Accueil, Configuration, Traduction, kisha weka maneno yako mahali pa yale ya zamani. Mimi ningeandika «Imeandikwa, inasubiri ruhusa», halafu «Imeruhusiwa, haijatumwa», halafu «Imetumwa kwa msambazaji». Ni marefu, sawa, lakini anayesoma anajua kazi imekwama kwa nani.

Ukiwa hukohuko, neno «commande» usiliache peke yake: ya mteja kwetu, au yetu kwa msambazaji? Na «reçue» (imepokelewa) je, ni mzigo au ni fakture, yaani ankara? Andika «Mzigo umepokelewa».

Odoo, programu nyingine ya aina hii, kwa wanaouliza, ina mtego wake. Ombi la bei na komande ni karatasi ileile: ukithibitisha, jina linabadilika, namba inabaki. Mtu akikutajia P00012 kwenye simu, mwulize kwanza kama mnauliza bei au mmekwisha kuagiza. Lakini kwa fakture wamenifurahisha. Unachagua ihesabiwe kwa «quantités commandées» (idadi iliyoagizwa) au «quantités reçues» (idadi iliyopokelewa). Sisi ambao mifuko 150 inafika leo na 50 inabaki mpakani, tuchague ya pili: unalipia kilicho ndani ya depo.

Kwa hiyo kwa depo ambayo mnunuzi si mwenye mali, mimi nachagua Dolibarr, ila majina yabadilishwe kabla ya komande ya kwanza. Siku hiyo mkalishe mtunza depo na mtu wa kesi, anayeshika pesa, pamoja. Wasomee kila jina, kila mmoja aseme akiliona atafanya nini. Wakijibu tofauti, jina hilo litupeni, tafuteni lingine.