Sakafu ya Boriti Imebonyea: Kipi Ununue Kwanza

Weka ndimu sakafuni karibu na ukuta, iachie. Ikibingirika hadi katikati ya chumba na kutulia pale, boriti zimebonyea. Vuta uzi ukuta hadi ukuta, pima pengo la katikati, andika tarehe. Rudia baada ya masika. Pengo likiwa lilelile, nyumba ilishatulia zamani na huenda huna cha kununua. Likiongezeka, chukua bisibisi uchome ncha za boriti pale zinapoingia ukutani, hasa chini ya choo. Ukuta wa mawe na chokaa hunyonya maji, kwa hiyo ncha ndizo huoza kwanza.

Halafu punguza mzigo. Kwetu Unguja tulipochimba sakafu ya chumba cha juu tulikuta chokaa juu ya chokaa, kisha saruji, kisha vigae: kila aliyerithi alimwaga lake. Kuteremsha kifusi ni ujira wa hamali tu, na hakuna bidhaa ya dukani itakayokupa nafuu kubwa hivyo kwa bei hiyo.

Sasa manunuzi, kwa mpangilio wangu.

1. Mhimili wa katikati. Unapita chini ya boriti zote na kuzikata masafa nusu kwa nusu. Hesabu yake inashangaza: boriti ya mita 3 ikiegemezwa katikati, kila nusu hubonyea sehemu ya 16 tu ya ilivyokuwa, au chini ya hapo. Nunua mbambakofi au mvule, na ubao usimame kwa ubavu. Kimo ndicho kinachobeba: kutoka inchi 6 kwenda 8, unene uleule, ukakamavu unazidi mara mbili. Kasoro yake ni nguzo. Vyumba vyetu ni vyembamba na virefu, mhimili unafuata urefu, kwa hiyo utahitaji nguzo katikati ya chumba cha chini, na kila nguzo isimame juu ya msingi, si juu ya boriti za ghorofa nyingine. Hapa mlipe mhandisi apige hesabu. Kama nyumba iko Mji Mkongwe, pata kwanza idhini ya mamlaka ya uhifadhi.

2. Boriti mpya kati ya zile za zamani. Kama ncha zimeoza, hii inapanda namba moja. Nenda na tepu: boriti halisi ya mkoko ina kipenyo cha sentimita 11 hadi 14 hivi. Wapo wauzaji watakaokupimia nyembamba kwa jina la boriti na kuapa juu yake. Angalia unyoofu, matundu ya wadudu, na udai kuona kibali cha ukataji, maana mikoko haikatwi ovyo, Kenya wala Zanzibar.

3. Mbao ya kupachika ubavuni. Inafaa kwa sakafu ya mbao za kupasua tu, kwani gogo la mviringo halikai vizuri na ubao. Mbao ya kimo kilekile na unene uleule huongeza ukakamavu maradufu, mradi ifike kuta zote mbili. Funga kwa bolti za galvanaizi na washa pana, si misumari peke yake. Paini iliyotiwa dawa inatosha, lakini iwe kavu. Mbichi itapinda ikishafungwa.

4. Chuma. Si kigeni kwetu: Beit el Ajaib, jumba la Sultani la 1883 hapa Unguja, lilijengwa kwa nguzo za chuma. Kina nguvu na hakili nafasi. Ila hewa ya chumvi haikihurumii, na kutu ikivimba ndani ya ukuta hupasua mawe. Bila rangi nzuri na ukaguzi wa kila mara, kiache.

5. Zege. Usinunue. Uzito wake unaziangukia kuta ambazo hazikujengwa kwa ajili hiyo.

Jeki na nguzo za muda za kunyanyulia boriti, zikodi tu. Unazipandisha milimita chache kwa siku, unaacha, unarudi kesho. Fundi wetu alikuwa na harusi Ijumaa, akanyanyua sentimita 4 asubuhi moja. Plasta ikapasuka kutoka mlangoni hadi dirishani, na ule ufa leo umefichwa nyuma ya kabati la vyombo.