Vyungu viwili na mchanga: mwaka mzima wa kutunza insulini ya binti yangu bila friji

Nilivinunua vyungu hivi sokoni Mtwara mjini, mwezi Juni mwaka jana, wiki tatu baada ya binti yangu kutoka wodini. Kikubwa shilingi 9,000, kidogo 4,000, kifuniko cha udongo 1,500. Mchanga sikununua. Nyumbani kwetu Mikindani sina friji, na nesi alinieleza jambo ambalo halijanitoka mpaka leo: insulini, dawa ya kisukari anayochomwa, ikipata joto inaharibika, na mara nyingi ukiitazama chupani huoni tofauti yoyote. Utajua pale sukari ya mtoto itakapopanda.

Binti ana miaka tisa. Alianza kwa kiu. Usiku anaamka mara tatu nne, anakunywa maji, anakwenda kukojoa, anarudi kunywa. Ilikuwa miezi ya joto, nikadhani ni joto tu. Akakonda, nikampa dawa ya minyoo. Siku aliyoanza kutapika na kuhema kwa nguvu, pumzi yake ilinuka kama embe lililoiva kupita kiasi. Hospitali mashine ya kupimia haikutoa namba, ilionyesha tu kwamba sukari imepita uwezo wake wa kusoma. Akatundikiwa dripu, akaanza kuchomwa insulini. Daktari akanieleza kuwa kongosho lake halitengenezi tena insulini, na kwamba hiki kisukari cha aina ya kwanza hakiletwi na pipi wala chai ya sukari. Nilihitaji kuambiwa hivyo, kwa sababu ukoo mzima ulikuwa unaniuliza nilimlisha nini.

Mwanzo dawa ilikaa kwenye friji ya jirani. Ni mtu mwema, lakini watoto wake waliisogeza chupa hadi ukutani, kwenye barafu, ikaganda. Ilipoyeyuka ile dawa nyeupe ilikuwa na vidonge vidonge ambavyo havikuchanganyika hata nilipoizungusha viganjani. Insulini iliyoganda haifai tena, hata ikiyeyuka. Nikaitupa, nikakaa barazani nikalia. Siku ya kliniki, mama mwingine mwenye mtoto wa sukari ndiye aliyenitajia vyungu.

Bibi muuzaji nilimweleza shida yangu. Akavisogeza pembeni vile vilivyong'arishwa vizuri, akanipa vya kawaida. "Hivyo vinavyopendeza havitoi jasho, mwanangu. Chukua hiki. Kiloweke siku mbili kwanza. Na mchanga wa pwani usitie, chumvi itakiziba." Yote matatu nimeyaona ni kweli.

Kidogo kinakaa ndani ya kikubwa, na kati yao najaza mchanga wa mtoni niliouosha. Asubuhi na jioni namwagia maji mchangani hadi ulowe. Maji yanapenya kwenye udongo na kukauka kwa nje, na yanapokauka yanaondoka na joto. Chupa naiweka kwenye kopo la plastiki lenye kifuniko, ndani ya chungu kidogo, ili maji yasiiguse. Juu naweka kitambaa kibichi. Chungu kiko barazani kwenye kigoda, kivulini, upepo unapopita. Nilipokiweka chumbani pembeni ya kabati hakikupoa hata kidogo.

Nina kipimajoto, nimekizamisha humo. Kusi linapovuma, Juni hadi Septemba, nje mchana ni nyuzi 29 na ndani ya chungu 24, siku nyingine 23. Hapo nalala usingizi. Karatasi ya dawa yake inasema chupa iliyofunguliwa isizidi nyuzi 30 na itumike kwa siku 28. Tarehe ya kufungua naiandika kwa kalamu ya wino juu ya lebo.

Sasa upungufu wake, na tafadhali mzazi usiupite. Kuanzia Desemba mpaka Machi hewa yetu ya pwani imejaa unyevu na maji hayakauki haraka. Februari nje ilikuwa 32 na ndani 29. Imepita chupuchupu. Miezi hiyo nalowesha mara nne, mchana binti mwenyewe ananipepea chungu kwa kipepeo cha jikoni, na sukari yake ikipanda bila sababu ya chakula nabadilisha chupa badala ya kuongeza uniti za insulini kwa kubahatisha. Ndugu yangu aliye Newala, kule juu kwenye baridi na upepo, ana vyungu kama hivi na hana shida hiyo.

Pia hiki si friji. Chupa ambazo hazijafunguliwa zinataka nyuzi 2 hadi 8, na chungu hakijawahi kufika huko. Hizo ninaziacha kwenye friji ya kituo cha afya, nachukua moja moja. Ukiishi mbali na kituo, vyungu peke yake havitakutosha.

Kwa kubeba shuleni havifai, ni vizito. Lakini sindano zake za asubuhi na jioni zinachomwa nyumbani, kwa hiyo shuleni anakwenda na kimfuko cha mashine, vijiti vya kupimia na soda ndogo yenye sukari. Mwalimu wake nimemfundisha: akitetemeka, akitoka jasho, akiwa mkali bila sababu, ampime, sukari ikiwa chini ya 4 (mmol/L) kwenye mashine anywe soda, wasubiri dakika 15, wapime tena. Mwalimu ameandika maneno hayo kwenye karatasi na kuyabandika ndani ya mlango wa kabati lake.

Kikubwa kilipata ufa mwezi wa nane, nikarudi kwa bibi yule yule akanibadilishia kwa shilingi 6,000. Ukienda kununua, pima kwanza: kati ya chungu na chungu vipite vidole vitatu vya mchanga pande zote. Changu cha kwanza kilikuwa na nafasi ya kidole kimoja, kikawa kinakauka kabla ya adhuhuri.