Koleo la Magurudumu na Sahani za Zamani: Linunuliwe au Liachwe?

Haya jamani, karibuni. Leo salamu fupi, maana kidude hiki kinaniwasha mkono. Hili ndilo koleo la magurudumu, la kubana kwa mkono, lenye magurudumu mawili madogo mdomoni, mlilokuwa mnaniulizia kila siku kwenye maoni. Uzito wake, urefu wake, rangi ya mpini, yote hayo yameandikwa kwenye boksi, mtajisomea. Mimi nataka kukata sahani ya mozaiki, yaani ule urembo wa vipande vya vyombo vinavyobandikwa pamoja.

Sahani yenyewe hii hapa. Ya buluu na nyeupe, najua wengine mnayo kabatini kwa bibi: daraja, watu watatu wanavuka, mti umeinamia maji, na juu pale ndege wawili wameelekeana. Mchoro huu Waingereza walianza kuuchora mwishoni mwa karne ya 18, wakiiga vyombo vya Kichina. Picha ilikuwa inachapwa kwenye karatasi, kisha inahamishiwa kwenye sahani, halafu inafunikwa na glezi, ile ngozi ya juu inayong'aa kama kioo. Sogeza kamera hapa ukingoni. Unaona urembo huu haujakutana vizuri? Hapo ndipo vipande viwili vya karatasi viliungana. Na kabla hamjaanza kunitukana: ina ufa mrefu, kupakulia chakula haifai tena. Sahani nzima hapa haivunjwi.

Sasa nawataka hao ndege. Wote wawili, wazima, kwenye kipande kimoja.

Tazama magurudumu. Wengi wanadhani yanazunguka kama kile kikatio cha piza. Hayazunguki. Ni ya kabaidi, kitu kigumu kuliko chuma, yamekazwa kwa skrubu, na yameelekeana. Sasa siri iko hapa, na ndiyo sababu nimelipenda hili koleo kuliko yote niliyowahi kushika: huisukumi sahani mpaka ndani. Unabana ukingo tu, milimita chache. Yale magurudumu yanauonyesha ufa njia. Nikiyaelekeza katikati ya sahani, ufa unakwenda katikati. Nikiyageuza hivi, yakaangalia kushoto, unakwenda kushoto. Nyamazeni kidogo msikie. Nabana... nabana polepole... Tk! Umesikia? Umeona ulivyonyooka? Na sikutumia nguvu, angalieni mkono wangu.

Subirini, kazi haijaisha. Igeuze sahani. Chini kuna hili duara linaloinuka, ndilo sahani inalokalia mezani. Ufa ukifika hapo unapotea njia, unaweza kuzunguka na duara badala ya kulivuka. Na ndege wetu wako jirani kabisa na duara. Kwa hiyo naondoa kwanza ukingo wote wa nje, kipande kwa kipande. Vipande hivyo msitupe, ule urembo wa pembeni ndio fremu ya kazi yako. Kisha nalimega duara kutokea nje, nikila kidogokidogo. Tk. Tk. Hapa usiwe na haraka. Ukibana kipande kikubwa kwa tamaa, unamchana ndege shingo. Namalizia kwa kuzunguka mabawa... na hawa hapa! Ndege wawili, wazima! Weka karibu, weka karibu. Angalia kingo zilivyo safi.

Kuna jamaa mmoja, chaneli yake simtaji, anawafundisha watu kufunga sahani kwenye taulo na kuipiga nyundo. Sawa, kama unatafuta vipande vya kujazia nafasi tu, piga nyundo, na taulo ni wazo zuri maana vipande haviruki. Lakini ndege hawa kwa nyundo utawapata bawa huku, mkia kule. Na lile koleo la kawaida la fundi wa vigae, lenye midomo iliyonyooka, linafaa kwa vigae vinene, ila kwenye sahani linatafuna ukingo na ufa unakwenda linakotaka lenyewe.

Halafu kuna wanaoniandikia kwamba haya ni mambo ya Wazungu. Wazungu gani? Nendeni Kunduchi, hapahapa Dar, mkaangalie yale makaburi ya nguzo. Wazee walipachika sahani na mabakuli ya Kichina kwenye chokaa. Vingi vimeng'olewa, mmebaki mashimo ya duara, lakini unaona kabisa kilikaa chombo. Mambrui kule karibu na Malindi nako hivyohivyo. Tofauti ni kwamba wao walipachika chombo kizima, hawakukata. Kwa kukata na kuvunja, kuna Mfaransa mmoja, Raymond Isidore, mfagiaji wa makaburi mji wa Chartres. Alianza mwaka 1938, akawa anaokota vipande vya vyombo majalalani na mashambani, akapamba nyumba yake mpaka alipofariki mwaka 1964. Kuta, bustani, kitanda, mpaka cherehani. Mke wake alivumilia, mimi nisingeweza.

Turudi. Nimelisifu sana, sasa lawama. Vikombe! Vile vikombe vizito vya kisasa, koleo hili linahangaika navyo. Unabana mpaka kiganja kinauma, halafu kinapasuka popote kinapotaka. Kauri ngumu nyembamba nayo inakatika, lakini inatoa vijisu, angalieni vidole. Sahani za udongo za zamani ndizo zinazokubali, kwa sababu ni laini zaidi ndani. Na mpini huu! Mpira unateleza ukitoka jasho, na Dar hii jasho lipo saa zote. Nimezungushia mpira wa baiskeli, shida imekwisha, lakini kwa bei ile sikutakiwa kufanya hivyo. Mimi nimelinunua 85,000. Muuzaji wa kwanza alitaka zaidi, akaniapia ni la Ujerumani, nikaondoka zangu.

Ila bei hiyo inavumilika kwa jambo moja. Magurudumu yakianza kuwa butu, hununui mengine. Unalegeza skrubu kwa kile kispana cha umbo la L, unazungusha gurudumu kidogo, unapata ukingo mpya. Weka alama ya kalamu ujue ulipoishia.

Miwani ya kinga, lazima. Barakoa nayo, na lowesha kipande kabla ya kumega, kwa sababu glezi za zamani zinaweza kuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu, na vumbi la kauri lenyewe si rafiki wa mapafu. Watoto wakae mbali, na usikatie jikoni. Tena kama sahani ina zile nyufa nyembamba kama nywele juu ya glezi, usitumie grauti nyeusi, ule uji wa simenti wa kujazia nafasi kati ya vipande. Rangi inaingia kwenye nyufa na haitoki tena. Jaribu kwanza kwenye kipande usichokihitaji.

Tangazo la chaneli: video sasa zinatoka Jumamosi, Jumatano imenishinda. Jumamosi ijayo nabandika ndege hawa kwenye chungu cha maua, na tutaongea gundi ya vigae dhidi ya simenti nyeupe, najua mtagombana. Mwenye visahani vilivyobaki bila vikombe, Dar tu, aniandikie hapo chini. Vya maua mekundu kwanza, buluu ninazo nyingi.