Taa ya miche yenye swichi mbili

Taa hii ya LED, niliyoinunua kwa ajili ya miche ya nyanya, ina swichi mbili: moja ya mwanga mwekundu wenye urefu wa wimbi wa nanomita 660, nyingine ya mwekundu wa mbali wa nanomita 730, ambao jicho letu huuona kwa shida. Wa kwanza huiamsha fitokromu, protini yenye rangi iliyomo ndani ya seli za mmea, ambayo mmea huitumia kuhisi mwanga. Wa pili huizima, na mmea hujiona umefunikwa na majani ya jirani, hivyo hurefuka kutafuta mwanga. Kijitabu cha maelekezo hakikugusia jambo hilo, nami nikaiwasha swichi ya pili kila jioni, hadi mashina yakarefuka, yakawa membamba kama uzi na kulala juu ya trei. Kwa swichi ya kwanza pekee, miche imekuwa mifupi na imara.