Tathmini: $sformatf ya SystemVerilog na wenzake

Kati ya njia zote za kugeuza thamani kuwa stringi (maandishi) katika SystemVerilog, lugha ya kusanifu na kujaribu saketi za kidijitali, kitendakazi cha $sformatf ndicho cha kutegemea. Inarudisha stringi moja kwa moja, kwa hiyo unaiweka ndani ya ujumbe wa kosa bila kutangaza kigeu cha pembeni.

Kasoro kubwa iko kwenye %d, alama ya kuandika namba kwa desimali. Inajaza nafasi kulingana na upana wa aina, si ukubwa wa namba. Kigeu cha biti 8 kisichobeba namba hasi (unsigned) chenye thamani 5 kinatoka na nafasi mbili tupu mbele, kwa sababu 255 ina tarakimu tatu. Ukitumia stringi hiyo kama ufunguo wa safu, "id=  5" na "id=5" ni vitu viwili tofauti, na utafutaji unashindwa kimyakimya. Andika %0d, isiyojaza nafasi. Kwa anwani, %h (heksadesimali) ni nzuri zaidi: sufuri za mbele zinabaki, na biti za x, yaani zisizojulikana thamani, zinaonekana.

itoa, mbinu ya stringi inayoandika namba kamili ndani yake, ni nyepesi, ila inapokea integer ya biti 32. Ipe longint (biti 64), biti za juu zinakatwa.

string'(65), yaani kulazimisha namba iwe ya aina ya stringi, huwanasa wengi: inatoa "A", si "65", kwani biti zinasomwa kama herufi za ASCII.

Kwa enamu (aina yenye orodha ya thamani zenye majina), name(), inayorudisha jina la thamani, ni safi mno, lakini thamani isiyo kwenye orodha inarudisha stringi tupu. Chapisha na namba yake pia. Miundo na safu, tumia %p.