Kengele ya mwendo kwenye magari mapya: ilipo na faida, na inapokosea

Tangu Julai 2024, gari lolote jipya linalosajiliwa katika Umoja wa Ulaya lazima liwe na mfumo wa kumtahadharisha dereva akivuka kikomo cha mwendo. Madereva wengi wanaujua kwa mlio wake tu, na wengi huuzima kabla hata gari halijaondoka. Hapa tunautathmini kwa kazi moja: kumfanya dereva afuate kikomo kwenye barabara kuu. Kwa kazi hiyo mlio peke yake ni dhaifu. Kitufe cha kikomo ambacho dereva anakiweka mwenyewe, na ambacho magari mengi yamekuwa nacho miaka mingi, kinafanya kazi nzuri zaidi.

Mfumo wenyewe ni kamera ndogo nyuma ya kioo cha mbele, karibu na kioo cha kutazamia nyuma. Kamera inasoma vibao, kisha gari linalinganisha kilichosomwa na ramani yake. Ukivuka kikomo, alama inawaka kwenye dashibodi. Ukiendelea kukanyaga mafuta, mtengenezaji anaruhusiwa kuchagua moja ya njia nne: mlio, mtetemo, pedali inayousukuma mguu wako nyuma, au injini inayopunguza nguvu yenyewe. Usinunue gari bila kuuliza limewekewa ipi. Pedali inayosukuma ndiyo bora kwa mbali, kwa sababu ujumbe unafika mguuni, palepale kosa linapotendeka. Mlio unafika sikioni, na sikio huzoea haraka. Kwa njia yoyote ile dereva ndiye mwenye neno la mwisho: ukikanyaga kwa nguvu gari linatii, kwa hiyo hofu ya kukwama katikati ya kulipita lori haina msingi. Ukiuzima, unajiwasha tena kila unapowasha gari.

Makosa yake yanatabirika. Kamera husoma kibao cha njia ya kuchepuka na kudhani ni chako, au ikanasa namba ya mwendo iliyobandikwa mgongoni mwa lori na kukuambia kikomo ni 80. Vibao vyenye masharti, kama vya wakati wa mvua au vya magari mazito tu, huichanganya. Kibao kilichofunikwa na matawi hakipo kwake kabisa, na ramani isiyosasishwa haijui kuwa barabara imejengwa upya. Kwenye matengenezo ya barabara ndiko inakosea zaidi, na ndiko mafundi wanafanya kazi hatua chache tu kutoka kwenye magari yanayopita. Malalamiko haya hupungua kwa mambo madogo: kioo kiwe safi mbele ya kamera, wipa zisiwe zimechakaa, stika isikae mbele yake, na ramani isasishwe. Kioo cha mbele kikibadilishwa, kamera ipimwe na kuwekwa sawa upya. Ikielekea pembeni kidogo tu, husoma vibao vya njia nyingine.

Lakini hata mfumo usiokosea haumshindi dereva aliyeshapiga hesabu zake. Anajua spidomita inazidisha. Kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 39 inakataza spidomita kuonyesha pungufu ya mwendo halisi, na inairuhusu kuzidisha hadi asilimia 10 pamoja na kilomita 4 kwa saa. Anajua pia kuwa tochi, yaani kifaa cha polisi cha kupima mwendo, ina nafasi yake ya kosa. Ujerumani hupunguza kilomita 3 kwa saa kwenye kipimo cha kamera ya barabarani chini ya 100, na asilimia 3 juu ya hapo. Mwongozo wa polisi wa Uingereza huanzia asilimia 10 na maili 2 kwa saa juu ya kikomo, kwa hiyo penye kikomo cha maili 70 adhabu kwa kawaida huanzia 79. Nafasi hizo ziliwekwa ili asiadhibiwe asiye na kosa. Zikishajulikana, huwa ndizo kikomo kipya: barabara nzima inatembea kwenye namba ambayo haimo kwenye kibao chochote. Madereva hufuata kikomo kinachosimamiwa, na kile cha kwenye kibao kinabaki pambo.

Kamera moja ya barabarani iliyosimama inajulikana ilipo. Watu hufunga breki mita chache kabla, wakakanyaga tena wakishaipita, na breki hizo za ghafla ni hatari yenyewe. Kamera za kupima mwendo wa wastani, zinazowekwa mbili mwanzoni na mwishoni mwa kipande cha barabara, zinaziba mwanya huo. Ya kwanza inapiga namba ya gari na saa, ya pili vilevile, halafu umbali unagawanywa kwa muda. Kipande cha kilomita 10 kwa mwendo wa 100 kinachukua dakika 6. Aliyekimaliza kwa dakika 5 alikwenda 120, hata kama alipita mbele ya kamera zote mbili akitambaa. Barabara ya A9 ya Uskochi ina kamera hizi tangu Oktoba 2014.

Na tofauti ya 100 na 120 si ndogo. Magari mawili yakiwa sambamba, madereva wote wakichukua sekunde moja kushtuka na breki zikiwa sawa kwenye lami kavu, la 100 linasimama baada ya mita 83 hivi. Pale liliposimama, la 120 bado linapita kwa zaidi ya 70.

Kwenye vipande vyenye kamera za wastani ndipo kitufe cha kikomo, ambacho kwenye magari mengi kimeandikwa LIM, kinapostahili sifa. Kibonyeze, panga namba kwa alama za kuongeza na kupunguza, endelea kuendesha kwa mguu kama kawaida. Gari halitazidi namba hiyo hadi ukanyage pedali mpaka mwisho. Usikichanganye na kile kinachoshikilia mwendo chenyewe bila mguu. Hicho hakifai penye foleni au mvua kubwa. Udhaifu wa LIM uko kwenye mteremko: katika magari mengi hakishiki breki, kinakata mafuta tu, kwa hiyo gari linavuka namba polepole. Shusha gia mapema.

Kabla ya kukiamini, kagua tairi. Gari lililotoka kiwandani na tairi za kipimo cha 205/55 R16 likavikwa 205/65 R16 lina gurudumu kubwa kwa karibu asilimia 6.5. Kama spidomita ilikuwa sahihi kabla, sasa ikisema 100 kwa kweli gari linakwenda zaidi ya 106, na LIM na kengele vinadanganyika pamoja nayo kwa sababu vyote vinahesabu mizunguko ya magurudumu. Njia ya kujua ni nyepesi: barabara tambarare iliyonyooka, mwendo usiobadilika kwa nusu dakika, na abiria asome mwendo wa GPS kwenye simu. Usisome wakati unaongeza mwendo, maana simu huchelewa kidogo. GPS ikisoma chini ya spidomita, acha hivyo hivyo, usijiongezee tofauti hiyo. Ikisoma juu, rudisha tairi za kipimo cha kiwandani.