Nepi za kitambaa Mombasa: ipi ya kununua, ipi ya kuacha

Hapa Mombasa nepi ya kitambaa huchaguliwa kwa mambo mawili: maji ya kuifulia na muda itakaochukua kukauka. Rangi, maua na vifungo vinafuata nyuma sana. Ushauri mwingi unaosambaa umeandikiwa nyumba zenye mashine ya kufua na bomba lisilokatika. Mama wa Kisauni au Likoni akiufuata atatoa pesa nyingi kwa nepi ambayo mwezi wa Mei, mvua za masika zikiwa zimeshika, itashinda kwenye kamba na kulala kwenye kamba. Ndiyo maana nafasi ya kwanza hapa sikuipa ile inayopendeza zaidi machoni.

Tuanze na hesabu, kwani wengi wetu tunafikiria kuacha nepi za kutupa kwa sababu ya pesa. Mtoto aliyetoka kwenye uchanga hutumia kama sita kwa siku, yaani 180 kwa mwezi. Ukinunua moja moja duka la mtaani kwa shilingi 20, ni shilingi 3,600 kila mwezi na 43,800 kwa mwaka. Weka bei unayolipa wewe, ujue yako. Upande wa pili kuna maji. Tuseme nepi za siku moja zafuliwa kwa mkono kwa mitungi miwili ya lita 20, ukitumia kwa uangalifu. Mtungi ukiwa shilingi 20 kwa mwenye mkokoteni, ni 1,200 kwa mwezi, na hapo kitambaa kinakuokolea pesa za maana. Lakini zikija wiki za mabomba makavu na mtungi ukapanda hadi shilingi 50, maji peke yake yatataka kiwango cha shilingi 3,000 kwa mwezi. Ongeza sabuni, na malipo ya mama fua ikiwa unaye, faida yote imekwisha. Wiki kama hizo rudi kwenye za kutupa bila kuona haya. Maji yetu yatoka mbali, Mzima kule Tsavo, Baricho kando ya mto Sabaki, na Marere na Tiwi upande wa kusini, na kukatika kwake si kosa la mzazi yeyote.

Sababu ya pili ni taka. Marufuku ya mifuko ya plastiki ya Agosti 2017 haikugusa nepi, na kila mvua kubwa inapozibua mitaro tunaona zilipokuwa. Utafiti wa mamlaka ya mazingira ya Uingereza wa 2008 ulikadiria kwamba nepi za kutupa za mtoto mmoja kwa miaka miwili na nusu huzalisha hewa ya ukaa sawa na kilo 550, na za kitambaa kilo 570 zikifuliwa kwa desturi za kule. Lakini anayeanika kwenye kamba, anayejaza mashine kila anapofua, na anayezitumia tena kwa mtoto wa pili, hupunguza kama asilimia 40. Kuanika juani sisi hatufundishwi na mtu.

Nafasi ya kwanza: nepi bapa ya pamba, pamoja na kava

Hii ni ile ya mraba, ya taulo au ya melimeli, ya kama sentimita 60 kila upande, waliyoitumia mama zetu. Hukunjwa, hufungwa kwa pini au huwekwa tu ndani ya kava lisilopitisha maji. Naiweka juu kwa sababu ukiifungua ni tabaka moja tu la kitambaa. Sabuni inafika kila mahali, maji kidogo yanaisuuza, na jua linaipenya. Msimu wa kaskazi ukiianika saa tatu asubuhi, adhuhuri unaikusanya. Hata kwenye masika, ikitundikwa sebuleni chini ya panka, itakauka kabla ya nepi yoyote ya matabaka katika orodha hii. Unaweza kuichemsha na kuipiga pasi. Mtoto akikua unabadilisha mkunjo, si nepi. Akishaacha, ni kitambaa cha jikoni.

Kuna faida nyingine isiyosemwa sana. Joto la mchana wa huku na plastiki kiunoni mwa mtoto havipatani. Nepi bapa inakuruhusu kumwacha bila kava mnapokuwa nyumbani, amefungwa pini tu, na leso imekunjwa chini yake mkekani. Atalowa na utajua papo hapo, utambadilisha, na ngozi itapumua. Kwa mtoto mwenye harara au upele wa nepi, hili linasaidia kuliko krimu nyingi.

Ubaya wake ni kwamba mikunjo lazima ijifunzwe, na yaya asiyeizoea ataifunga ikavuja. Mkunjo wa kuanzia ni rahisi: kunja iwe kipande kirefu chenye matabaka mengi, ukilaze ndani ya kava, basi. Kwa mvulana unene uwe mbele, kwa msichana uwe katikati. Kwa mchanga ambaye kitovu hakijadondoka, shusha ukingo wa mbele uwe chini ya kitovu.

Kava zuri ni la kitambaa chembamba kilichopakwa tabaka laini la plastiki kwa ndani, lenye vifungo vya kubonyeza vya kupunguza na kuongeza ukubwa. Makava manne au matano yanatosha nepi dazeni mbili, kwa sababu kava ambalo halijachafuka kwa choo hufutwa, huachwa likauke kidogo na kurudishwa. Hapo ndipo bei inaposhuka.

Zipo pia nepi za mstatili zilizoshonwa matabaka tayari, nene katikati. Zinafaa kwa asiyetaka kukunja, ila katikati pale huchelewa kukauka. Msimu wa jua nunua, za masika ziwe chache.

Nafasi ya pili: nepi ya mfuko

Hizi ndizo zenye picha za wanyama zilizojaa maduka ya watoto na mitandaoni. Nje ni kitambaa kisichopitisha maji, ndani ni kitambaa laini kinachoachia mkojo upite, na katikati kuna uwazi wa kutia kitambaa cha kunyonya. Huuzwa kama saizi moja, na nyingi huandikwa zafaa kutoka kilo 3 hadi 15. Kwa uzoefu wa wengi, kwa mchanga wa kilo 3 huwa kubwa na huvuja mapajani. Subiri afike kilo 4 au 5.

Sifa yake ni wepesi. Baba, bibi, yaya, mwalimu wa mahali pa kulelea watoto, wote wataivaa kwa mtoto bila mafunzo. Kwa safari ya feri au siku ya harusi, hii. Ndiyo maana napenda kila nyumba iwe na chache, hata kama msingi ni nepi bapa.

Angalia kitambaa cha kunyonya unachopewa. Kile cheupe chepesi cha maikrofaiba, yaani nyuzi nyembamba sana za kiwandani, kinanyonya upesi lakini kikibanwa kinaachia, na kisigusane na ngozi ya mtoto kabisa kwa kuwa hukausha ngozi. Kile cha kijivu kinachosifiwa kuwa cha makaa ya mwanzi mara nyingi ni maikrofaiba hiyo hiyo iliyovishwa koti la kijivu. Mimi nisingemlipa mtu zaidi kwa rangi hiyo. Nunua ganda tu, yaani nepi ya mfuko bila kitambaa cha kunyonya, kisha tia ndani nepi yako bapa iliyokunjwa. Itashika mkojo zaidi na itakauka haraka. Usiku tia mbili.

Ganda hilo lisichemshwe wala kupigwa pasi, plastiki itabanduka. Lastiki pia huchoka kwa jua kali la kila siku, kwa hiyo ganda liweke barazani na vitambaa vya kunyonya viende juani.

Nafasi ya tatu: leso kuukuu

Leso ya pamba iliyofuliwa miaka ni laini kuliko chochote utakachonunua, na haikugharimu kitu. Kwa siku za kwanza za uzazi, mtoto anapotoa kile choo cheusi kinachonata kama lami, vipande vya leso ndivyo vinavyofaa. Madoa yake hayasikitishi. Inanyonya kidogo, hivyo kadiri mtoto anavyokua itakulazimu kubadilisha mara nyingi mno, ndipo nikaiweka hapa. Leso mpya yenye wanga usiitumie kabla ya kuifua mara kadhaa.

Za kuacha

Nepi iliyoshonwa yote kwa pamoja, ganda na matabaka ya ndani vikiwa kitu kimoja, ni rahisi kuvaa lakini kwa unyevu wa pwani haikauki ikaisha. Ndani hubaki mbichi, harufu ikaanza, mtoto akapata fangasi. Mwenye mashine ya kukaushia aichukue, wengine tuiache.

Suruali za plastiki tupu zenye lastiki ya kubana kiunoni na mapajani ni za bei ya chini na ziko kila soko. Hazipitishi hewa hata kidogo. Kwa saa moja ya safari sawa, kwa kutwa nzima hapana.

Namna ya kukagua sokoni

Taulo nyingi zinazouzwa kuwa za pamba si za pamba. Dondosha tone la maji: likiteleza na kukaa juu, shaka. Kwa uhakika zaidi, nunua kipande kimoja, chomoa uzi ukauchome nyumbani. Pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu. Uzi wa kiwandani huyeyuka na kuacha punje ngumu. Kumbuka pamba mpya kabisa ina mafuta yake ya asili, kwa hiyo ifue mara tatu hadi tano ndipo inyonye sawasawa, usiihukumu siku ya kwanza.

Kwenye mitumba ya Kongowea hutokea nepi za mfuko na makava kwa bei nzuri. Vuta lastiki, irudi yenyewe. Tazama ganda dhidi ya mwanga, kama plastiki imepasuka au imebanduka utaona. Bonyeza kila kifungo. Nepi bapa za mitumba sina wasiwasi nazo, maana huchemshwa. Na ukipata taulo nzuri ya pamba ya kuuzwa kwa mita huko Biashara Street, mpe fundi aikate na kupiga pindo. Ni dazeni ya nepi zitakazolea watoto wawili.

Kuhusu maji ya chumvi

Wengi wanaoacha nepi za kitambaa hapa Mombasa wanashindwa na jambo hili bila kulijua. Nyumba nyingi hufua kwa maji ya kisima, na sabuni ya mche kwenye maji hayo haitoi povu. Inaganda, inashika kwenye nyuzi na kuacha utando. Baada ya wiki chache nepi inakuwa ngumu, inanuka mkojo hata ikiwa safi, na haishiki maji. Mama anadhani nepi ni mbovu. Tumia sabuni ya unga, ambayo haigandi hivyo, na mtungi wa maji matamu uuhifadhi kwa suuza ya mwisho. Maji ya mvua ni bora kabisa kwa kazi hii, kinga ya bati yanapokuja. Dawa ya kulainisha nguo usiitie hata tone, nayo hufunika nyuzi. Krimu nzito za upele hufanya vivyo hivyo, ukipaka weka kitambaa chembamba juu ya nepi.

Utaratibu wenyewe ni mfupi. Choo kwanza kiangushwe msalani, nepi isuuzwe kwa maji baridi kwa sababu ya moto hushikisha doa, kisha ndiyo sabuni. Katika nyumba za Kiislamu hilo latimiza pia jambo la twahara, usafi wa ibada: najisi yenyewe imeondoka, na mwisho nepi imemiminiwa maji safi badala ya kuchovywa tu kwenye karai lililokwisha kuchafuka. Weka karai la nepi mbali na nguo za kuswalia.

Nepi zinazongoja kufuliwa zikae kwenye ndoo kavu yenye kifuniko, zisizidi siku mbili. Ndoo ya maji sebuleni na mtoto anayetambaa ni hatari ya kufa maji. Na ikiwa unahifadhi maji kwenye madramu ya kufulia, yafunike: mbu wanaoeneza denge na chikungunya, iliyotusumbua 2017 na 2018, huzaana humo.

Usianike chini, kwenye majani wala kwenye ua wa miti. Kuna inzi hutaga kwenye nguo mbichi na mabuu yake yakaingia ngozini. Tumia kamba na vibanio, na nepi za pamba zilizokauka kivulini zipige pasi.

Ununue ngapi

Usinunue zote kwa pamoja. Anza na nepi bapa sita, makava mawili na nepi moja ya mfuko, utumie mchana tu mkiwa nyumbani, huku usiku na safarini ukiendelea na za kutupa. Baada ya wiki mbili utajua maji yako yanatosha kiasi gani, kamba yako inakausha kwa saa ngapi, na mwanao ana mapaja ya aina gani. Ndipo uongeze hadi 18 ikiwa mnafua kila siku, au 24 ikiwa mnafua siku moja na kuruka moja. Usiku uje mwisho, kwa nepi mbili zilizokunjwa pamoja ndani ya ganda, na ikiwa mtoto anakojoa sana mpaka usingizi unakatika, mwachie nepi ya kutupa moja ya usiku. Moja badala ya sita bado ni 30 kwa mwezi badala ya 180.